Kioo Kimepona

Roret,
Februari 12, 2024

Aron ndugu yangu,

Sisi wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa jike, na chai imechipua vizuri baada ya ile mvua ya wiki iliyopita, kwa hiyo nashinda shambani mpaka mgongo unalia.

Kilichonifanya nishike kalamu ni laptop ya Chelimo. Jana baada ya kanisa niliifungua kama kawaida yangu ya Jumapili, nikakuta mistari imesimama wima upande wa kushoto wa kioo, ya kijani na ya waridi, inatetemeka. Nimeizima na kuiwasha hadi nikachoka.

Najua utasema mistari ni mistari tu. Lakini kushoto mwa kioo ndipo ulipo mkono wa kulia wa Chelimo anaponitazama, na mwanangu alizungumza kwa mkono wa kulia. Sasa naona uso wake, naona anacheka, sijui anacheka nini. Wewe unayesikia, fikiria mtu anakuhadithia jambo huku amejiziba mdomo kwa kiganja.

Unakumbuka zile video alikuwa akijirekodi kule Nakuru alikofundisha, akinieleza habari za wiki nzima kwa mikono. Akija likizo alizihamishia kwenye laptop, nami nikawa nazo. Simu yake ilipotea hospitalini siku ile ile tuliyompoteza yeye, mwaka juzi, kwa hiyo hazipo mahali pengine popote. Na hapa nyumbani hakuna mwingine anayejua lugha yangu. Majirani hunyoosha kidole, nami natikisa kichwa. Hayo ndiyo mazungumzo yangu siku hizi.

Usinijibu kwa simu, maana kwa simu unaniandikia "sawa" peke yake. Niandikie barua kama tulivyozoea tangu nikiwa shule ya viziwi. Kipngeno wa pikapu ya kabichi anashuka huko Jumatatu na kurudi Alhamisi. Mpe yeye.

Dada yako,
Chepkemboi


Kapsoit,
Februari 15, 2024

Dada Chepkemboi,

Bole sana. Hiyo ugonjwa naijua, hata usilie. Hapa dukani zinaletwa kila wiki na zinatoka zimepona. Mke wangu Priscillah anakusalimia, anasema lini utakuja kututembelea.

Sasa nisikize. Kapla ya kunitumia mashine, fanya hizi majaribio nijue shida iko wapi. Ya kwanza, washa na uangalie mwanzo kabisa, ile alama ya kampuni ikitokea. Kama mistari iko hapo, basi si mambo ya programu. Ya pili, enda kwa mtu ako na TV ya kisasa, unganisha na waya wa HDMI. Kama picha kwa TV ni safi, basi ubongo wa mashine ni mzima, mgonjwa ni kioo ama waya wake. Ya tatu, funga kioo nusu, ufungue polepole, uangalie kama mistari inahama.

Niandikie fizuri kila kitu umeona. Na usijali kuhusu fideo za mtoto. Mimi ni mjomba wake.

Ni mimi ndugu yako,
Aron


Roret,
Februari 19, 2024

Aron,

Nimefanya yote.

Alama ya kampuni inatoka na mistari yake. Kioo nikikiinamisha mistari inapungua, nikikifungua sana kama ninavyofanya siku zote ili nimwone vizuri, inarudi yote. Jibu la TV nimelipata kwa Kepher, ambaye unajua huonyesha mpira pale sokoni na kutoza watu kiingilio.

Nilimwandikia kwenye karatasi kwamba nahitaji dakika chache kabla ya mechi. Akakubali, ni mtu mzuri. Aron, nilipounganisha ule waya Chelimo akatokea ukutani akiwa mkubwa kuliko alivyokuwa akiwa hai, mikono yote miwili, hakuna mstari hata mmoja. Alikuwa ananieleza jinsi mwalimu mkuu wao alivyokanyaga ndoo ya chokaa. Nikacheka. Nadhani nilitoa sauti, maana wanaume wote waliokuwa wanangoja mpira waligeuka. Halafu mmoja akaanza kupepea mikono usoni pake akimwigiza mwanangu, na benchi zima likaangua kicheko. Nilichomoa waya nikaenda nyumbani.

Basi ubongo wa mashine ni mzima. Niambie la kufanya.

Na tafadhali, jitahidi na herufi. "Bole" ndiyo nini? "Fideo" ndiyo nini? Wenzako wanakusikia, mimi nakusoma. Kiswahili nilikipata kwa macho, ubaoni, na kila herufi nililipia kwa fimbo.

Dada yako,
Chepkemboi


Kapsoit,
Februari 22, 2024

Dada,

Umenichekesha na hiyo mambo ya herufi. Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa mtu wa kwetu, tuliandika vile aliongea. Unataka nifanye nini?

Hao watu wa mpira achana nao. Hawana akili.

Sasa najua. Ni kioo ama ule waya mdogo unapita kwa bawaba. Nitafungua mashine yote, na mimi nikifungua mashine ya mtu sipendi iwe na kitu cha maana ndani. Ni sheria ya duka. Nimempa Kipngeno flashi mpya, hiyo nyekundu. Ni kubwa, fideo zote za Chelimo zinakaa humo bila shida.

Fanya hivi. Chomeka flashi. Ingia kwa folda ya Chelimo. Bonyeza Ctrl pamoja na A ili zishikwe zote, kisha futa zote pamoja. Usiache hata moja nyuma. Kompyuta ikikuuliza swali lolote, kubali. Ukimaliza chomoa flashi, mashine mpe Kipngeno Jumatatu.

Usiogope. Hakuna kitu itapotea.

Aron


Roret,
Februari 26, 2024

Aron ndugu yangu,

Nimefuta zote kama ulivyoniagiza, na sikuacha hata moja.

Sitakuficha, mkono ulikataa. Nilikaa mbele ya laptop mpaka chai ikapoa kwenye kikombe. Kisha nikajikumbusha kwamba Krismasi ulikaa nayo ukiisafisha, na bila shaka ndipo ulipozitia kwenye flashi, na wewe mwenyewe umeandika kwamba zote zinakaa humo. Kompyuta ilinitolea kisanduku chenye maneno, lakini kilikuwa nyuma ya mistari, nikaona tu "una hakika" na alama ya kuuliza. Nikakubali. Folda ikabaki nyeupe. Nilifunga kioo haraka kama mtu aliyemwona maiti bila kutarajia.

Laptop ndiyo hiyo, nimeifunga kwenye blanketi la mtoto. Flashi nimebaki nayo. Nimeishona kwenye kitambaa ninachojifunga kiunoni nikienda kuchuma majani, kwa sababu siwezi kumpandisha Chelimo juu ya kabichi.

Fanya haraka, Jumapili zinanipita.

Chepkemboi


Kapsoit,
Februari 29, 2024

Dada yangu mpendwa,

Furahi! Ilikuwa waya tu. Bawaba ilikuwa inauma ule waya kila ukifungua kioo sana, mpaka ikaukata ngozi. Nimeweka mwingine. Fungua mpaka nyuma kabisa kama unataka, hutaona mstari.

Na kwa sababu umeniandikia umefuta zote, nikaona nikufanyie zawadi. Hiyo mashine ilikuwa imechoka, takataka nyingi ndani. Nimefagia diski yote, nikaweka Windows mpya. Sasa iko kama siku ilitoka dukani. Rudisha fideo kutoka kwa flashi, ukae na mtoto wako.

Usiniulize bei. Wewe ni damu yangu.

Aron


Roret,
Machi 4, 2024

Aron,

Flashi ni tupu.

Nimeichomeka pande zote mbili za laptop. Nimeipeleka shule ya sekondari, mwalimu wa kompyuta akaitazama akatikisa kichwa. Anasema haijawahi kuandikwa kitu tangu itoke kiwandani. Ijumaa nilikutumia ujumbe kwamba video hazipo, ukanijibu "sawa".

Si sawa. Nakurudishia laptop. Kioo kimepona, kinang'aa, nauona uso wangu mwenyewe ndani yake na hakuna kingine. Ziko wapi? Kama uliziweka kwenye flashi nyingine nitumie hiyo, hata leo, hata kwa mtu usiyemjua.

Chepkemboi


Kapsoit,
Machi 14, 2024

Dada,

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa najaribu. Niliweka programu za kufufua vitu, nikaiacha ifanye kazi siku nyingi. Nikaipeleka pia Kericho mjini kwa Gitonga, ambaye ndiye alinifundisha hii kazi. Gitonga ameniuliza kwa nini nilifagia diski bila kuangalia flashi kwanza. Tumepata majina ya fideo, lakini ndani ni vipande. Nyingi hazifunguki. Moja imefunguka ikaonyesha ukuta wa nyumba yake kule Nakuru na kiti. Yeye hayuko.

Lakini dada, wacha nijitetee. Mimi sikukuambia uzitoe kwa mashine zipotee! Nilikuambia uzifute ziingie kwa flashi! Priscillah ndiye amesoma barua yako tena akaniambia shida ni ile herufi ya f. Nilimaanisha kuvuta. Unashika kitu na unakivuta, vile unavuta kamba ya ng'ombe. Hapa Kapsoit hata mtoto mdogo nikimwambia futa mlango, anavuta. Kila mtu ananielewa. Mtu anatuma flashi ya nini kama si ya kubebea? Ungetumia akili kidogo tu, hatungefika hapa.

Na wewe mwenyewe uliniandikia umefuta. Mimi nikajua umevuta. Sasa kosa ni la nani?

Nimeumia pia. Alikuwa mpwa wangu. Nitakununulia laptop mpya.

Aron


Roret,
Machi 18, 2024

Aron,

Laptop mpya mpe Priscillah. Mimi nitaitazama nini?

Umeniambia nitumie akili. Nimeitumia, na hivi ndivyo ilivyofanya kazi. Ulipoandika "fideo" nilijua umekosea, kwa sababu hakuna neno kama hilo, nikalirekebisha kichwani. Ulipoandika "bole" nikarekebisha. Lakini futa ni neno. Liko kwenye vitabu, liko ubaoni, nimefuta ubao kwa mkono wangu mwenyewe miaka yote ya shule. Ulipoliandika nililiamini kwa sababu lilitoka kwa ndugu yangu. Watoto wa Kapsoit wanakuelewa kwa masikio. Wananisaidia nini? Mimi sijawahi kusikia sauti yako hata siku moja, Aron. Sijui kwamba mdomoni mwako kuvuta na kufuta ni kitu kimoja. Ningejuaje? Nani aliwahi kuniambia?

Na wewe ulipoona nimeandika nimefuta, ukaisoma kwa sikio lako, ukafagia kaburi la mwanangu ukaliita zawadi.

Nikuonyeshe kitu. Kwa lugha yangu, kufuta ni kiganja kimoja kupita juu ya kingine kama unayepangusa meza. Kuvuta ni ngumi mbili zinazorudi kifuani. Hata aliyelewa hawezi kuzichanganya. Tumekua nyumba moja, tumekula ugali sahani moja, na katika umri wetu wote mkono wako haujajifunza kuniambia hata "njoo". Baba alikufa bila kujifunza, nikasema ni mzee. Wewe je? Uliona afadhali mtoto wa shule awe mkalimani kati yako na dada yako. Sasa mkalimani hayuko, na tumeua hata kivuli chake kwa sababu ya herufi moja. Nakuchukia kwa hilo. Naliandika wazi ulisome vizuri.

Sasa sikiliza ombi langu, kisha sitakusumbua tena.

Mwaka ule Chelimo alipoanza kufundisha, uliahidi mbele ya watu wote, kwenye sherehe yake, kwamba utajifunza lugha ya mikono. Aliamini. Alikuwa anakuita "mama", vile kwetu mjomba anavyoitwa, akaja kuniambia kwa furaha, "Mama atajifunza!" Akaanza kukutumia masomo kwa simu. Nilikuwa nakaa kando yake akijirekodi, nikimrekebisha. Somo la salamu, somo la chakula, somo la shamba. Alikuwa akimaliza kila moja anakuelekeza kidole na kusema: rudia.

Hayo masomo yalikuja kwenye simu yako. Ndani yake yuko mzima, mikono miwili, kwenye mwanga mzuri, amevaa ile sweta ya njano. Yatie kwenye flashi hii nyekundu, umpe Kipngeno. Sihitaji laptop mpya. Hata kama ni salamu tu, hata kama ni "majani", "ng'ombe", "maji". Nitamtazama akinisalimia mpaka nife, na wewe nitakusamehe. Nakuahidi.

Chepkemboi


Kapsoit,
Aprili 4, 2024

Wifi yangu Chepkemboi,

Pole kwa kukuandikia mimi badala ya mwenye barua. Aron hajambo kwa mwili. Barua yako amekaa nayo kwenye mfuko wa shati mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Wateja wakija anawaambia mimi niwahudumie, na mimi najua tu kuuza chaja na kutoa fotokopi.

Nimemwuliza juu ya yale masomo ya Chelimo. Alinijibu kwamba anatafuta. Siku nyingine nikamkuta ameshika simu tu, haitafuti, anaitazama. Nilitaka kumsaidia kutafuta, akaiweka mfukoni. Wifi, sijui nikuambie nini. Mimi mwenyewe ningependa kuyaona. Nilimwomba zamani anionyeshe tujifunze pamoja, akasema tutaanza tukipata nafasi.

Nakuombea. Flashi yako iko salama, ameining'iniza kwenye msumari juu ya meza yake ya kazi.

Wifi yako,
Priscillah


Roret,
Aprili 8, 2024

Wifi Priscillah,

Ahsante. Wewe ungejifunza, hilo nalijua, kwa sababu ulikuwa unatazama mikono yangu badala ya kutazama pembeni.

Mwambie Aron kwamba kila Alhamisi nasimama barabarani kabla pikapu haijafika. Kipngeno siku hizi hasimami, ananipungia tu mkono kuonyesha hakuna kitu. Hiyo ndiyo ishara ya pekee anayoijua, na ameijua upesi. Mwambie namngoja.

Chepkemboi


Kapsoit,
Aprili 25, 2024

Dada Chepkemboi,

Hii barua nimeiandika mara nyingi nikaitupa. Nimempa Priscillah asome herufi, ili nisikosee tena.

Masomo yalikuja. Yalikuwa mengi. La kwanza nilitazama kidogo, nikasema nitarudi. Halafu ikawa kazi, na wateja, na simu ikawa inaniambia imejaa, haipokei picha za vifaa. Wakati huo Chelimo alikuwa hai. Nilijua nikitaka atanitumia mengine.

Dada, niliyafuta.

Flashi nakurudishia. Haina kitu.

Aron


Roret,
Aprili 29, 2024

Aron,

Barua yako nimeipata na nimeisoma.

Safari hii hukukosea hata herufi moja.

Chepkemboi